Kocha wa Kamba na Matambara

Mpira wa matambara huanzia tumboni. Kiini kikikaa vibaya, hakuna ufundi wa nje utakaouokoa: utayumba ukibingirika, utaukwepa mguu, utamfanya mchezaji hodari aonekane mzembe. Ndiyo maana mtoto anayeijua kazi hii haokoti tambara la kwanza analoliona. Hutafuta soksi iliyopotelewa na mwenzake, akaijaza vipande vya sponji ya godoro bovu au nguo nyepesi iliyochanwachanwa, akaisokota shingo na kuigeuza ndani nje, tena na tena, mpaka liwe donge lisilo na kichwa wala mkia. Hapo ndipo anapoanza kuongeza nyama: karatasi, vitambaa, na kule juu milimani kwenye migomba, maganda makavu ya mgomba.

Baada ya nyama huja kamba, nayo tuifuate hadi Upareni, Tanzania. Ukiacha barabara kuu pale Mkomazi na kuizunguka ncha ya kusini ya Milima ya Upare, kata ya Bendera unaikuta njiani kabla hujafika Kihurio na Ndungu. Upande mmoja milima imesimama, upande wa pili uwanda wa joto unanyooka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Ndungu ina mashamba ya mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta nchini mwaka 1893 likiwa miche michache iliyonusurika safari ya baharini. Katani ilikwenda ng'ambo ikawa kamba za meli na magunia. Kwa mtoto wa ukanda huu ikawa kamba ya mpira. Lakini katani ina manyoya makali, nayo huuma mguu wa peku. Fundi mwenye uzoefu huitumia ndani kukaza umbo, halafu juu akafunga kitu laini: nyuzi zilizochambuliwa kwenye salfeti kuukuu na kusokotwa pajani, au ukanda mwembamba uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

Kufunga ndiko kwenye siri. Kamba hupita juu na chini, kisha ubavuni, na kila mzunguko mpira hugeuzwa kidogo ili kamba isipite njia iliyokwishapita. Mkono wa kushoto unageuza, wa kulia unavuta, na mvuto lazima uwe uleule toka mwanzo hadi mwisho. Ukilegeza upande mmoja, mpira utaota kitambi upande huo. Mafundo huzamishwa chini ya kamba nyingine, kwani fundo lililojitokeza litamchubua mtu kidole. Mwisho fundi huuviringisha kwenye sakafu ya saruji na kuutazama kwa makini. Ukienda umenyooka, kazi imekwisha. Ukipinda, anaufungua bila kinyongo na kuanza upya.

Ufundi huu umepita kwenye misukosuko yake. Kwa miaka mingi malighafi kuu ilikuwa mfuko wa rambo, maana ulipatikana kila mahali, haukunywa maji, na ukichomwa kidogo kwa moto uligandamana na mwenzake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Mazingira yalistahili nafuu hiyo, na sina hoja ya kuipinga. Ila siku ile hakuna aliyewauliza watoto watafungia nini mipira yao. Walijijibu wenyewe, wakarudi kwenye soksi, sponji, nguo za mitumba na tyubu. Ufundi waliofunzwa na wakubwa zao haukuwa umepotea.

Wengi wetu tukiuona mpira huu tunaona dhiki, na tunahesabu siku mtoto atakapopata mpira "halisi". Mimi nausifu kwa jambo jingine. Nausifu kama kifaa cha mazoezi, tena kifaa kilichopimwa sawasawa na kazi yake. Mpira wa matambara haudundi sana. Hauendi mbali. Ukiupiga ovyo, unakufa palepale ulipo na kukuaibisha wewe mwenyewe. Mchezaji aliye peke yake anahitaji hasa mpira wa namna hiyo, kwa sababu hana mwenzake wa kuukimbilia unapopotea vichakani.

Dunia yenye fedha imeufikia ukweli huu kwa njia yake. Mwaka 1930, mjini Montevideo, mwalimu Juan Carlos Ceriani alibuni mchezo wa soka la ukumbini ambao leo unaitwa futsal. Kanuni za mchezo huo zinataka mpira mdogo kuliko wa kawaida na mvivu wa kudunda: ukidondoshwa toka urefu wa mita 2, mdundo wake wa kwanza usipungue sentimita 50 wala kuzidi 65. Viwanda hujaza mpira huo vitu vya kuupunguzia mdundo, na wazazi wa Ulaya na Amerika Kusini hununua ili watoto wao wajifunze kuumiliki mpira mahali padogo. Kijana wa Bendera anaufunga mpira wenye tabia hiyohiyo kwa vitu alivyookota kabla jua halijazama. Pelé naye, katika mji wa Bauru, alianza kwa soksi iliyojazwa karatasi.

Kifaa cha pili ni kamba inayoning'inia. Mpira hutiwa ndani ya wavu wa vitunguu, ukafungwa kwa kamba ya manila na kutundikwa kwenye tawi la mwembe au mkwaju. Ukiushusha hadi kifundo cha mguu, unafanyia mazoezi ya pasi. Ukiufikisha gotini, unapiga mashuti ya hewani. Ukiupandisha hadi usawa wa paji la uso, unapiga vichwa. Urefu wa kamba una sheria yake ambayo mtoto huijua kwa mwili kabla ya kukutana nayo darasani. Kamba ya mita 1 huupeleka mpira na kuurudisha kwa muda wa sekunde 2 hivi. Kamba ya mita 4 huchukua sekunde 4. Uzito wa mpira haubadilishi kitu. Kwa hiyo anayeanza hutafuta tawi la juu, ampate kocha asiye na haraka. Akishazoea, hufupisha kamba, naye kocha huongeza kasi bila kusema neno.

Kinachofunzwa hapo ni muda, yaani kujua mpira utakuwa wapi kabla haujafika. Watanzania tunaijua thamani ya jambo hilo. Tarehe 1 Machi 2020, uwanjani Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza dhidi ya Manchester City, Mbwana Samatta wa Aston Villa aliruka akiwa amelala hewani na kuukuta mpira kwa kichwa mahali ambapo nusu sekunde kabla haukuwepo. Villa walifungwa 2–1, lakini bao lile limebaki. Kichwa cha namna ile hakitokani na nguvu za shingo, hutokana na hesabu ya muda.

Hapa lakini lazima niweke tahadhari. Mpira wa matambara ukilowa maji huwa mzito kama tofali, na kichwa cha mtoto hakikuumbwa kugongana na tofali. Mwezi Februari 2020 vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini viliagiza watoto wa shule za msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini, baada ya utafiti kuhusu ubongo wa wachezaji wa zamani. Basi mpira wa kutundika kwa ajili ya vichwa uwe mwepesi, mkavu, wa sponji tupu, na wadogo wauache. Wautumie kwa miguu, hakuna watakachopoteza.

Kifaa cha tatu ni ukuta. Huu unataka mpira unaodunda kidogo, na hapo tyubu huonyesha thamani yake. Ukuta haukosei: unachoupa ndicho unachorudishiwa, na kwa pembe uliyoupigia. Dennis Bergkamp, mshambuliaji wa Uholanzi aliyesifika kwa mguso wa kwanza, ameeleza jinsi utotoni mwake Amsterdam alivyokuwa akipiga mpira ukutani kwa saa nyingi, akitazama unavyorudi. Kwetu ukuta una faida ya ziada. Ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa plasta una mabonde na vilima, hivyo mpira hurudi kwa njia usiyoitarajia, na mguu hujifunza kusahihisha papo hapo. Kijana mwenye akili hujipangia kazi: mguu wa kulia, mguu wa kushoto, nje ya mguu, unyayo, kisha hatua moja karibu zaidi. Anagongeana pasi na mwenzake asiyechoka.

Ujerumani wameutengeneza ukuta huo kwa umeme. Christian Güttler wa Berlin alibuni mtambo uitwao Footbonaut, chumba chenye pande za mita 14 ambamo mashine humrushia mchezaji mipira kutoka pande zote, taa ikawaka kumwonyesha kisanduku cha kulenga. Borussia Dortmund wanao. Ni mtambo wa ajabu, nami nikipewa nafasi nitaingia humo nikiwa wa kwanza. Lakini ukivua taa na nyaya, kinachobaki ni swali lilelile: mpira umekuja, utautuliza wapi, utaupeleka wapi? Swali hilo lipo kwenye ukuta wa nyuma usio na madirisha wa darasa lolote.

Kuna pia vifaa vidogo ambavyo havihitaji hata fundi. Mawe yaliyopangwa kwa mstari, hatua moja baina ya jiwe na jiwe, ni ya kukokotea mpira na kupigia chenga. Chupa za maji zilizotiwa mchanga hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, maana zikiguswa zinaanguka na kukushtaki. Tairi bovu likitundikwa kwenye kona ya goli huwa shabaha ya faulo. Na danadana hazihitaji kitu zaidi ya mpira na ukaidi.

Kwa danadana, heshima apewe Hadhara Charles. Mwanamke huyu alizipiga kwenye mitaa ya Dar es Salaam akiwa na mavazi yake ya kawaida, mpira ukipanda begani, ukishuka gotini, ukikaa shingoni, na mwaka 2020 video yake ilizunguka dunia hadi Rais wa Marekani wa wakati huo, Donald Trump, akaisambaza. Mcheza kwao hutunzwa. Yeye alitunzwa na mbali pia. Ninamtaja kwa sababu mazoezi ya peke yake yanamfaa hasa mtoto wa kike. Timu ya wavulana huwa na saa yake ya jioni na uwanja wake. Msichana ana dakika chache kati ya ndoo ya maji na jiko, na dakika hizo zinatosha kwa mpira uliotundikwa nyuma ya nyumba. Oktoba 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India. Hatuwezi kudai kwamba hawajui mpira. Tuseme tu kwamba hatujawapa wengi wao nafasi ya kuugusa.

Atatokea mwenye kupinga, na hoja yake ina uzito: soka ni mchezo wa watu kumi na mmoja, na kidole kimoja hakivunji chawa. Kijana anayecheza na ukuta anaweza kuwa bingwa wa ukuta, akafika uwanjani akasahau kuna wenzake. Nimewaona wa namna hiyo, wanaopiga chenga tatu pale palipotosha pasi moja. Lakini tazama pia yule ambaye hakuwahi kukaa na mpira peke yake. Mpira ukimfikia, macho yake yote yanashuka miguuni. Hamwoni winga aliyefunguka wala beki anayemjia. Mguu usiouamini mpira huyaita macho yaje kuusaidia. Mazoezi ya faragha yanamwondolea mtu shida hiyo, ili akiwa na wenzake macho yawe huru kuwatafuta. Wapare wanalielewa hili kupitia ndiva, mabwawa madogo ya jadi huko milimani: usiku chemchemi hujaza kidogo kidogo pasipo mtu wa kutazama, asubuhi maji hufunguliwa yakagawiwa mashamba ya wote.

Sisemi kwamba mtoto aachwe na matambara maisha yake yote. Mpira wa ngozi wa namba 5, wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, una tabia zake, na anayetarajia kucheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, lazima auzoee. Hata mpira usiohitaji upepo umeshabuniwa: One World Futbol, uliotolewa na Mmarekani Tim Jahnigen mwaka 2010 baada ya kuwaona watoto wa Darfur kwenye televisheni wakicheza na takataka zilizofungwa pamoja. Kwenye miba ya uwandani, ambako mpira wa kawaida hutoboka mapema, huo ni msaada wa kweli. Ninachokataa ni kuamini kwamba siku mpira wa dukani unapofika, ufundi wa kufunga umekwisha kazi yake. Darasa la watoto arobaini likipata mpira mmoja, thelathini na tisa wanausubiri. Wakijua kufunga, kila mmoja ana wake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu na wazazi wa Bendera, na wa kila kijiji kinachofanana nacho, mambo matatu yasiyohitaji bajeti. Teueni ukuta mmoja usio na madirisha, na mtoto asifukuzwe hapo. Tundikeni kamba mbili kwenye mti wa shule, moja ndefu na moja fupi. Na katika kipindi cha kazi za mikono, mwiteni yule kijana anayefunga mpira ukaenda umenyooka, awafundishe wenzake, kisha mpeni alama anazostahili kama mnavyowapa wanaosuka ukili na kufinyanga vyungu.