Unajipima hulka kwa kamusi ya nani?

Siku hizi si ajabu kumsikia kijana akikataa mwaliko wa harusi kwa kusema, “Zii, mimi ni introvati.” Amejibu maswali kadhaa kwenye simu, akapewa herufi nne, na sasa anajitambulisha kwazo kama jina la ukoo. Wazazi wa wanafunzi wa Gredi ya 9 nao wanatafuta vipimo vya hulka na vipawa, ati viwaonyeshe kama mtoto aelekee kwenye sayansi, masomo ya jamii au sanaa na michezo. Sina ugomvi na hamu ya mtu kujijua. Swali langu ni la kilugha: anajijua kwa maneno ya nani?

Herufi hizo nne zilitokana na kazi ya Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, waliovutiwa na kitabu cha Carl Jung cha 1921. Wanasaikolojia wengi hupendelea kipimo kingine, cha sifa kuu tano. Chimbuko la hicho ni kamusi. Mnamo 1936, Gordon Allport na Henry Odbert waliichambua kamusi ya Kiingereza ya Webster, wakaokota takribani maneno 18,000 yanayoweza kumtofautisha mtu na mwenzake. Waliowafuata waliyachuja hadi zikabaki tano.

Wazo lao lina mashiko: sifa inayoijali jamii, jamii huipa jina. Lakini basi kila jamii ina majina yake. Huyo introvati tumwiteje kwa Kiswahili? Mkimya? Mpole? Mpweke? Mpole husifiwa, mpweke huhurumiwa, na mkimya hutegemea anayesema. Kipimo kinadai hicho ni kitu kimoja, kisicho kizuri wala kibaya. Na muungwana je? Uungwana haumo ndani ya mtu peke yake. Huonekana katika anavyowatendea wenzake.

Haya si maneno ya kijiweni. Utafiti uliochapishwa 2020 kuhusu maneno ya tabia katika Kimaasai na Kisupyire cha Mali haukuzipata zile tano za Kiingereza. Nchini Afrika Kusini, watafiti waliwahoji wasemaji wa lugha 11 kuhusu watu wanaowafahamu. Majibu yalijaa habari za namna mtu anavyohusiana na wengine.

Sasa mfikirie msichana anayeulizwa kama huwa anazungumza kwanza mbele ya watu asiowajua. Kwao, kuwaachia wakubwa wafungue mazungumzo ni adabu. Anajibu “hapana” kwa ukweli mtupu, na kipimo kinasoma uoga. Mwalimu akikiamini bila kuuliza, adabu ya mtoto itahesabiwa kuwa upungufu, naye atashauriwa aachane na kazi ambazo pengine angezimudu.

Alfred Binet na Théodore Simon walipounda kipimo chao huko Paris mnamo 1905, lengo lilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada shuleni. Hilo ndilo lengo la kurithi. Kutafsiri maswali ya wageni hakutoshi. Tuanze na maneno tunayotumia kusifiana na kulaumiana, tuyapange, kisha ndipo tuunde maswali. Kwa sasa, mwalimu akishapata matokeo, amwite mtoto amuulize, “Ulipojibu hivi, ulimaanisha nini?”