Kutambuliwa Katika Picha

Neno kutambuliwa lina maana mbili, na mhakiki wa picha hana budi azishike zote. Mpigapicha hutambuliwa anapotunukiwa. Aliyepigwa picha hutambuliwa anapojulikana kuwa ni fulani. Mara nyingi la kwanza hupatikana pasipo la pili.

Mwaka 1986 Sebastião Salgado wa Brazil alipiga picha shimo la dhahabu la Serra Pelada: maelfu ya wanaume waliojaa matope, mifuko mabegani, wakipanda ngazi mithili ya siafu. Picha hizo, zilizoingia pia katika kitabu chake Workers cha 1993, zilimpa sifa duniani kote, na kwa haki, maana jicho lile lilikuwa lake mwenyewe. Ubaya ni wa waliomfuata. Tangu hapo machimbo ya wachimbaji wadogo, popote yalipo, hutazamiwa yafanane na Serra Pelada.

Geita haifanani nayo. Huko Nyarugusu na Rwamagasa yako maduara, mashimo membamba yaliyozuiwa kwa magogo, ambamo mchimbaji huteremka kwa kamba akapotea gizani. Juu, wanawake huketi wakigonga mawe kwa nyundo; kwenye mialo mtu hukoroga zebaki kwa mkono mtupu. Ni kazi ya wachache wachache, yenye kungoja kwingi. Anayewakusanya vijana ukingoni ili apate umati ameiona Brazil, Geita hajaiona. Huenda akatunukiwa hata hivyo, kwani waamuzi huyatambua upesi yale waliyokwisha kuyatambua.

Susan Sontag, katika kitabu chake Regarding the Pain of Others cha 2003, alimlaumu Salgado kwa picha zake za wahamaji: wanyonge hawakutajwa majina, hali watu mashuhuri hutajwa daima. Kwa mwanamke agongaye mawe Geita, naikubali hoja hiyo yote.

Shinyanga, lakini, yaikataa. Shule ya Buhangija iliwapokea watoto wenye ualbino wakati mauaji yalipozidi katika mikoa ya Ziwa miaka ya 2007 hadi 2009 na baadaye. Wapigapicha wengi kutoka ng'ambo walifika hapo. Na nyuso zile, katika mwanga ule, huvutia hata kwa mpigapicha wa kawaida (sifa ambayo, kwa kweli, si yake). Lakini mtoto aliyefichwa kwa kuwa anawindwa, ukichapa uso wake, jina lake na kijiji chake, unamtambulisha kwa nani? Hapo kumnyima jina ndiko kumheshimu, na picha iliyo bora kwa waamuzi yaweza kuwa ndiyo isiyostahili kupigwa.

Atakayelipiga duara kwa giza lake lilivyo, na mtoto wa Buhangija kwa kisogo chake tu, kainamia kitabu alichokileta karibu mno na macho, pengine hatapata tuzo yoyote. Picha zake ndizo ningezipeleka darasani.