Tovuti kama Kizingiti: Utanzu na Hadhira katika The Blair Witch Project

Uhakiki wa filamu aghalabu huanzia pale picha ya kwanza inapotokea kwenye kiwambo. Mazoea haya hupuuza matini zinazomfikia mtazamaji kabla hajaingia ukumbini. Katika Seuils (1987), Gérard Genette alidhihirisha kwamba jina la kitabu, jalada na dibaji ni vizingiti anavyovivuka msomaji ili kuifikia kazi yenyewe. Tovuti ya kutangazia filamu ni kizingiti cha aina hiyo. Je, huitangaza filamu tu, au huanza kuisimulia?

Mfano sahili ni tovuti ya Space Jam (1996). Viungo vyake vimepangwa kama sayari katika anga lenye nyota. Mpangilio huo unaakisi utanzu wa filamu, ambayo ni kichekesho kinachomkutanisha mchezaji wa mpira wa kikapu, Michael Jordan, na wahusika wa vibonzo. Mtazamaji hualikwa kucheza, wala hadanganyiki. Sayari hizo hufanya kazi ya "Paukwa" ya fanani: hutangaza wazi kwamba kinachofuata ni cha kubuni.

The Blair Witch Project (1999) ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez ni changamano zaidi. Filamu hii inadai kwamba vijana watatu walitoweka mwaka 1994 katika msitu wa Maryland, Marekani, walipokuwa wakimchunguza mchawi, na kwamba kanda zao ziliokotwa mwaka mmoja baadaye. Tovuti yake, iliyoanza mwaka 1998, ilieleza historia ya mchawi huyo mwaka baada ya mwaka, ikaonyesha picha za ushahidi na wasifu wa "waliotoweka". Hadhira iligeuzwa kuwa mpelelezi.

Umuhimu wa tovuti hiyo unabainika filamu inapochunguzwa. Mchawi haonekani kamwe. Hofu hujengwa kwa sauti za usiku, vijiti vilivyofungwa kwa umbo la mtu na kamera inayotikisika. Historia yake hudokezwa tu katika mahojiano ya mwanzo. Tovuti, basi, ilibeba sehemu ya msuko. Aliyeisoma aliingia msituni pamoja na vijana hao akiwa tayari na hofu.

Yawezekana kudai kwamba hiyo ilikuwa hila ya kibiashara tu, hasa ikizingatiwa kwamba filamu hii ya gharama ndogo iliingiza takriban dola milioni 248 duniani. Dai hilo lina uzito, ila halielezi kwa nini hila ilifaulu. Ngano hujitenga na maisha kwa fomula yake ya kufungulia. Visakale hutaka viaminiwe. Tovuti iliiondoa "Paukwa", ikaigeuza ngano kuwa kisakale.

Hata hivyo, fomula hiyo humlinda fanani pia. Waigizaji Heather Donahue, Joshua Leonard na Michael C. Williams walitumia majina yao halisi, wakatangazwa kuwa wametoweka ilhali wako hai. Mwaka 2024 walidai hadharani walipwe zaidi kwa mchango wao. Kwa hiyo, mhakiki wa tovuti hana budi kuuliza si tu jinsi inavyoinasa hadhira, bali pia ni nani anayelipia mpaka unaofutwa. Hadithi ikiisha, hadhira hurudi nyumbani. Mwigizaji aliyekopesha jina lake hubaki msituni.