Saa Iliyogeuzwa Daftari

Draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kukitumia kifaa kama kadi ya picha au ya mtandao, hutakiwa kukizima kifaa chake kompyuta inapolala na kukiamsha inapozinduka. Moja tu ikishindwa kazi hiyo ya pili, kompyuta nzima huweza kukwama na skrini nyeusi. Ugumu wa kumtafuta mkosaji ni kwamba mashahidi nao wamelala: skrini haijawaka, diski haijaanza kuandika, na yaliyomo kwenye RAM hupotea mtumiaji anapolazimika kuizima kompyuta na kuiwasha upya.

Mwaka 2006 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aligeukia kitu kisichozimwa, nacho ni saa ndogo ya ndani inayotembea kwa betri yake. Katika utaratibu wake, uitwao pm_trace, mfumo unapozinduka huandika ndani ya saa hiyo, kwa sura ya tarehe, alama ya kila kifaa unachokifikia, kila mpya ikiifuta iliyotangulia. Jina la kifaa hupitishwa kwenye hesabu inayolifupisha liwe namba moja kati ya 1009, mahali programu ilipofika huwa namba moja kati ya 997, na thamani 16 huachiwa matumizi mengine. Zikizidishwa hutoa michanganyiko 16,095,568. Saa nayo ina miaka 100, miezi 12, siku 28 (zinazozidi hapo ziliachwa, maana si kila mwezi unazo), saa 24 na vipande 20 vya dakika 3, jumla 16,128,000, hivi kwamba mzigo ulienea guniani karibu bila kubakiza nafasi.

Vipande hivyo vya dakika 3 ndivyo vinavyomlazimu mchunguzi aharakishe, kwa kuwa saa haiachi kutembea, na akichelewa kuiwasha upya kompyuta iliyokwama, namba husogea na kukisingizia kifaa kingine. Mfumo ukisharudi, amri ya dmesg humwonyesha kifaa ambacho alama yake inalingana na tarehe iliyokutwa. Lakini vifaa viwili huweza kuangukia namba moja, kwa hiyo aliyetajwa ni mshukiwa tu hadi draiva yake iondolewe kwa amri ya rmmod na kompyuta ilazwe tena, ili ionekane kama itazinduka.

Mbinu hii ina ujanja mwingi kuliko adabu, kwani huivuruga saa yenyewe, na asiyeirekebisha kabla ya kuendelea na kazi huhifadhi mafaili yenye tarehe ya mwaka ambao pengine haujafika.