Hongera kwa Mafundi wa Safari Rally

Anayezijua barabara za udongo za Nyamitaba, mvua inapoipiga Masisi, mashariki mwa Kongo, hawezi kuwadharau mafundi na wauza magari wa Safari Rally ya zamani. Mbio hizo za magari zilianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ile ya mwanzo magari yalipangwa kwa bei yake dukani, nayo yalitakiwa yawe kama yale anayouziwa mteja. Kwa hiyo wakala wa Nairobi aliipeleka sifa yake topeni, watu wote wakitazama. Mercedes, gari la wakubwa, ilishinda 1959, 1960 na 1961.

Mimi namheshimu zaidi Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa fundi kwanza. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mashindanoni. Akashinda tena 1974 na 1976, kwa Mitsubishi.

Nanyi mafundi wa Masisi mnaolala chini ya lori la Fuso kati ya Sake na Kitshanga, mkifunga springi gizani, kazi yenu ni ileile. Hongereni sana.