Macheo ya Nyali yamegeuzwa machweo

Ofisini kwangu imetundikwa kalenda yenye picha ya jahazi, maji ya rangi ya dhahabu na jua lililogusa bahari. Chini yake pameandikwa: “Machweo, Nyali.” Nimeivumilia tangu Januari. Ufuo wa Nyali unaelekea mashariki, ndugu msomaji. Pale jua huchomoza baharini na kuzama upande wa bara, mgongoni mwa mpiga picha. Hayo ni macheo!

Mtaniambia profesa anagombania herufi moja. La hasha. Macheo yanatokana na kucha, machweo na kuchwa. Kukicha, wavuvi wanarejea na ngalawa zao na watu wanatoka kutafuta riziki. Kukichwa, milango inafungwa. Aliyeandika maneno yale hakuteleza tahajia tu. Kwake saa zote za Mombasa ni moja, bora pawe na rangi ya chungwa.

Na hili ndilo kosa la picha nyingi za mji ule. Karibu na ikweta jua halichelewi kupanda wala kuzama, hivyo mwanga huo laini hudumu kwa dakika chache tu. Mji wenyewe unaishi katika saa nyingine, ambazo lugha imezipa majina na kamera imezikimbia: adhuhuri, jua la vichwani, alasiri. Hebu simama Mji wa Kale alasiri. Vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu, kwa hivyo kivuli hulala upande mmoja na watu wote hutembea upande huo. Hamali mwenye mkokoteni ndiye anayebaki juani, maana kivulini hapamtoshi. Picha ya dakika ile ingetueleza kwa nini mji ulijengwa ulivyojengwa, na nani anaulipia.

Kuhusu rangi, mtakumbuka kwamba mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Ukitazama kutoka angani unapendeza, sikatai. Lakini chini barabarani, saa sita mchana, ukuta mweupe unaumiza macho na kumeza kila kitu. Rangi imebaki kwa vitu vinavyotembea: leso, tuktuk, matatu, mwuza maembe. Kumbe mpiga picha anayesubiri watu wapite ili apate mlango mtupu uliochongwa anaiondoa rangi yenyewe, halafu anairudisha kwa kompyuta!

Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliandika kuhusu wapiga picha wa kivuko cha Likoni, waliotundika mapazia yenye meli na ndege za kuchorwa. Wateja wao wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi. Wasomi wenzangu huziona picha hizo kuwa za kitoto. Mimi naona zina adabu. Mteja alichagua pazia, akajipanga, akalipa, akaenda na picha yake nyumbani. Siku hizi mtu anasimama mbali na lenzi ndefu, anamvizia mama mwenye buibui, naye mama anageuza uso. Picha hiyo inasifiwa eti ina “siri ya Uswahili”. Siri gani? Mama amekataa, na kukataa kwake kunaonekana wazi pale pale pichani.