Makao Hewani: Mandhari na Haki katika Kusadikika

Watahiniwa wengi huandika kwamba Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert ni hadithi ya nchi kamilifu. Kauli hii haina budi kusahihishwa. Njozi ya nchi kamilifu imo, ila haihusu Kusadikika yenyewe. Imo katika habari walizorudi nazo wajumbe sita kutoka safarini, wakatiwa gerezani kwa kuzileta.

Tuanze na mandhari. Nchi hii inaelea hewani. Husemwa kuwa mwandishi aliipeleka huko ili kuukwepa mkono wa mkoloni. Huenda ni kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi. Nchi isiyo na ardhi chini yake inatulazimisha tuulize: ni nini humpa mtu makao? Jibu limo katika mashtaka ya Karama, ambaye kosa lake ni kufundisha sheria. Kinachokosekana Kusadikika, basi, si udongo wa kusimikia nguzo tu, bali haki ya kumlinda aliyemo ndani ya nyumba.

Mwalimu wa Kitale ana mfano wa karibu. Enzi za ukoloni, mashamba ya Trans Nzoia yalitengewa walowezi. Mskwota alijenga juu ya ardhi imara kabisa, lakini sheria ya mwaka 1918 ilimtaka amfanyie mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka ndipo akubaliwe kukaa. Alikuwa na nyumba, hakuwa na makao. Mwalimu wa Bungoma naye ataje ngome ya Chetambe, karibu na Webuye, iliyovamiwa na Waingereza mwaka 1895. Ukuta haukumfaa mwenyeji mbele ya nguvu isiyoitambua haki yake. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema.

Hata hivyo, kazi hii ina udhaifu. Karama na wajumbe wanaachiliwa kwa uamuzi wa mfalme. Haki inabaki kuwa hisani ya mtawala, na anayeweza kufungua leo anaweza kufunga kesho. Je, raia wa Kusadikika wana tofauti gani na mskwota anayesubiri ridhaa ya mwenye shamba?

Kwa hiyo, mtahiniwa anapoulizwa umuhimu wa mandhari, asiishie kutaja kwamba nchi iko angani. Aonyeshe jinsi mandhari hayo yanavyobeba dhamira ya haki, kisha athubutu kupima kama mwisho wa hadithi umeitimiza.